Kanisa limeshamwandika mchungaji. Baba ataandikwa na nani?

“Shikamoo mshauri. Mimi ni mtoto wa kwanza, wa kike, kati ya watano, nina miaka 45, naishi Dodoma. Baba yetu alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Alihudumu sharika za Rombo, Siha na Machame kwa zaidi ya miaka 30, akastaafu, na miezi minane iliyopita Bwana akamchukua. Siku ya mazishi kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye nyasi. Wasifu ulisomwa na katibu wa usharika: alisoma chuo cha theolojia cha Makumira, akabarikiwa, akahamishiwa huku, akajenga kanisa kule. Sisi tulipata mstari mmoja, ‘ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja’. Sasa usharika unaandaa ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja na wameniomba niandike kijitabu cha maisha yake.

Nimekwama. Kwenye sanduku lake la bati nimekuta daftari la kaunta alimoandika majina ya watoto wa watu aliowalipia ada. Mwaka 1995 mimi nilirudishwa nyumbani kidato cha pili kwa kukosa ada. Mwaka huohuo, kwa mwandiko wake, yumo mtoto wa mwinjilisti wake aliyelipiwa muhula mzima. Mdogo wangu wa kiume, ambaye naye ni mwinjilisti, anasema marehemu hasemwi vibaya, nilichome hilo daftari. Mama hasemi kitu. Baba nilimpenda, na alikuwa baba mwema kwelikweli, lakini siwezi tena kuandika sentensi moja bila hasira. Halafu wakati wa msiba sikulia kabisa. Sasa nalia kwenye daladala. Je, hii ni dhambi? Ni ugonjwa? Na niandike nini?”

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa hilo daftari.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukaa na wafiwa, wengi wao wa nyumba za watumishi wa Mungu, na hali yako naifahamu. Mchungaji akifariki, watu mia nane wanakuja kuwaambia watoto wake kwamba wamempoteza baba yao. Wanasema kweli. Lakini wale watano waliokuwa wakimwita baba bila kumaanisha cheo wanajikuta mwisho wa foleni kwenye msiba wao wenyewe. Wasifu uliosomwa siku ile haukuwa wa uongo, ulikuwa wasifu wa mtumishi, na kanisa lilitimiza wajibu wake. Wajibu wa nyumbani haujaanza, na ndio huo uliokukwamisha.

Nianze na machozi, maana hilo ni jepesi kuliko mengine.

Mtoto wa kwanza kwenye misiba yetu halii, anapiga simu. Turubai limefika? Viti vya kukodi vinatosha? Mwili unatoka mochwari saa ngapi, nani anakaa na daftari la rambirambi, mkuu wa jimbo na wachungaji watakula wapi, shangazi wa Rombo wamepata pa kulala? Mtu aliyebebeshwa mzigo wa namna hiyo huahirisha huzuni, na wala si kwamba hana upendo. Ikishapita ile shughuli, huzuni inarudi kudai nafasi yake, na haiombi ruhusa. Inapitia kwenye sauti, harufu na mahali. Wimbo ambao baba alikuwa akiuanzisha mwenyewe kabla kwaya haijajipanga unaweza kukuvunja ukiwa umesimama umeshika bomba la daladala, wakati kaburini ulisimama mkavu. Ni jambo la kawaida kabisa.

Huenda mtu amekuambia kwamba huzuni ina hatua tano, kukataa, hasira, kujadiliana, sonona na kukubali, na kwamba wewe umeruka moja. Hatua hizo zilitolewa mwaka 1969 na Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Chicago, na alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe. Hakuwa akieleza ratiba ya wafiwa. Watu walizichukua baadaye wakazibandika kwenye kila msiba, na zimewatesa wengi wanaojiona wamefeli mtihani. Mimi naona ukweli zaidi katika maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut wa Utrecht, Uholanzi, ya mwaka 1999: mfiwa hupishana kati ya pande mbili. Leo yuko na marehemu, anatazama picha, analia. Kesho yuko na ada za watoto, kazini, anacheka hata. Kwenda na kurudi huko ndiko kuomboleza. Wewe ulikaa upande mmoja muda mrefu kwa sababu ya ukubwa wako katika familia, sasa unavuka kwenda upande wa pili.

Na lile la “Mkristo halii”, ambalo mtoto wa mchungaji hulisikia mara mbili zaidi ya wengine: soma tena barua ya kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4. Paulo anasema tusihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Hakuandika tusihuzunike. Na kwenye kaburi la Lazaro Yesu alilia, akijua fika anachokwenda kufanya dakika chache baadaye. Baba yako bila shaka aliyasoma maneno hayo kwenye mazishi ya watu wengi.

Sasa hasira.

Nisome barua yako jinsi ninavyoielewa. Ukiwa na miaka 15 ulirudishwa nyumbani, na kuna maelezo uliyoyapokea, au uliyojitungia mwenyewe kama watoto wanavyofanya: baba hana pesa. Uliishi na maelezo hayo miaka 30, na yalikutosha. Pengine hata ulijivunia, kwamba ninyi ni watoto wa mtumishi, mnavumilia. Daftari limekuja kuyaondoa. Limekuambia pesa ilikuwepo, ikaenda mlango mwingine. Hivyo unaomboleza mara mbili, baba mwenyewe na yale maelezo yaliyokuwezesha kumpenda bila swali. Msiba wa pili haukuandaliwa turubai, na hakuna aliyekuja kukupa pole. Mtu akiukasirikia, sioni dhambi hapo.

Lakini kabla hujahitimisha chochote, chunguza ile pesa ilikuwa ya nani. Sharika nyingi zina mfuko wa diakonia wa kusaidia wajane, wagonjwa na watoto wa wasiojiweza, na mara nyingi mchungaji ndiye anayekwenda kulipa shuleni kwa mkono wake na kuandika kwa mwandiko wake. Kama ni hiyo, baba yako hakuwa na njia ya kumlipia binti yake humo. Fikiria wazee wa kanisa wangesema nini, na fikiria mhazini angeandika nini. Tazama daftari lenyewe: tarehe za malipo ziko karibu na sikukuu ya mavuno, au baada ya Jumapili za mnada, pale ndizi, mahindi na kuku wa sadaka walipopigiwa bei nje ya kanisa? Kuna namba za stakabadhi? Kuna saini ya mtu wa pili? Mhazini wa usharika wa wakati huo, kama yu hai, atakumbuka. Wahazini wa zamani hawasahau pesa.

Na inawezekana haikuwa diakonia. Inawezekana ulikuwa mshahara wake, ule mdogo uliokuja kwa kuchelewa, na akachagua. Sitaki kukufariji kwa kukuficha hilo. Wachungaji wengi wa kizazi chake walikuwa hivyo, na sababu yake inaeleweka bila kuwa sahihi. Pengine mtoto wa mwenzake alikuja mlangoni na mama yake, wakalia sebuleni. Wewe hukulia, ulikuwa umefundishwa kutokulia. Mwenye shida wa nje hugonga na anasubiri jibu. Wa ndani anadhaniwa ataelewa. Tena yule alikuwa mtoto wa mwinjilisti, mtu anayemtegemea mchungaji na analipwa chini yake. Mchungaji ambaye binti yake anakwenda shule huku mtoto wa mwinjilisti wake amekaa nyumbani angeinuaje macho kwenye madhabahu? Nahisi, na ni hisia tu, kwamba aliogopa aibu hiyo kuliko alivyoogopa machozi yako. Kama ni hivyo, alikukosea. Unaweza kuyasema maneno hayo, alinikosea, na bado akabaki baba mwema kwelikweli kama ulivyoandika. Sikuoni ukijipinga.

Mdogo wako usimwone mjinga. Ninyi nyote mlikulia nyumba yenye macho mengi. Mtoto wa mchungaji akichelewa kurudi, usharika unajua. Akipata mimba au akinywa pombe, watu wanamkumbusha baba yake yale maneno ya Timotheo kuhusu mtu asiyeweza kuisimamia nyumba yake. Kulinda jina la baba ilikuwa kazi ya kila mtoto pale nyumbani. Wewe ulihamia Dodoma ukapumzika kidogo. Yeye bado yuko kazini: Jumapili anasimama mbele ya watu walewale, na jina analolitumia ni la baba. Anapokuambia choma, anajihami yeye pia. Mwambie umelielewa hilo kabla hujamwambia kwamba hutachoma.

Na usichome. Muulize tu swali moja, kwa upole: Biblia anayoihubiri imewaandikaje watumishi? Eli alikuwa kuhani na wanawe wakaharibika mbele ya macho yake. Samweli aliyemrithi naye wanawe walipokea rushwa, na imeandikwa waziwazi. Daudi sihitaji kusema. Hakuna aliyeona kwamba kuandika hayo ni kuwasema vibaya marehemu. Tunamsema vibaya marehemu pale tunapozua au tunapotaka kumlipiza asiyeweza kujibu. Kipimo changu kwa sentensi yoyote ya kijitabu ni hiki: ungeweza kuisoma yeye akiwa amekaa benchi la mbele, akakunja uso, lakini asikuambie kwamba ni uongo?

Haya, tuandike.

Jambo la kwanza, msikutane kwenye kikao kuzungumzia kijitabu. Najua kikao ndio utaratibu wetu, lakini kwa kumbukumbu kinaharibu. Watu wanapokumbuka kwa pamoja, kumbukumbu zao huanza kufanana; anayesema kwa uhakika zaidi ndiye anayewajaza wengine, na baada ya saa moja kila mmoja anaapa aliona kitu ambacho kakisikia sasa hivi. Kwenye familia ya mchungaji ni mbaya zaidi, kwa sababu toleo la kanisa limeshasimuliwa mara nyingi mno na kila simulizi linalitia nguvu. Kila mmoja wenu aandike kurasa mbili peke yake, au ajirekodi kwenye simu kama hapendi kuandika, na asimwonyeshe mwenzake mpaka zote ziwe mkononi mwako. Utashangaa. Hamkuwa na baba mmoja. Wewe pengine ulilelewa na mchungaji kijana mwenye pikipiki na usharika wa mbali. Kitinda mimba alilelewa na mzee aliyekaribia kustaafu, anayemwagilia migomba na kusikiliza taarifa ya habari. Mdogo wako mwinjilisti huenda ndiye aliyemfuata kwenye ibada za nyumbani akimbebea mkoba wa sakramenti. Kila mmoja atamleta baba yake, na kijitabu kizuri kitawaacha wote waingie bila kuwalazimisha wafanane.

Jambo la pili, mama. Unasema hasemi kitu. Mjane wa mchungaji amepoteza mume, na pamoja naye amepoteza kazi isiyo na mshahara aliyoifanya miaka yote hiyo: kupokea wageni, kupika chai ya wazee wa kanisa, kuongoza kina mama, kujua nani kafiwa mtaa gani. Watu waliokuwa wakija kila siku wamepungua. Nyumba imenyamaza naye amenyamaza. Usimuulize baba alikuwa mtu wa namna gani, atakujibu kwa maneno ya mazishi. Muulize vitu vidogo vyenye jibu. Jumapili akirudi alivua nini kwanza? Hubiri aliandaa siku gani, na nani hakuruhusiwa kupiga kelele? Alikuwa anakudai nini mkigombana? Siku ya barua ya uhamisho kutoka Rombo alikuambia saa ngapi, kabla ya kula au baada? Kaa naye jikoni mkiwa mnafanya kazi, simu ikiwa mezani inarekodi na yeye akijua kwamba inarekodi. Mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka.

Tafuta na waliosoma naye. Makumira ilikusanya vijana wa makanisa yote yaliyoungana mwaka 1963 kuwa KKKT, kwa hiyo aliyelala kitanda cha pili bwenini yaweza kuwa mchungaji mstaafu huko Bukoba au Njombe, anayemjua baba yako kabla hajavaa kola. Hao ni wazee sana sasa. Piga simu mwezi huu, usisubiri.

Ukishakusanya, andika kwa vitu, si kwa sifa. Wasifu wetu umejaa “marehemu alikuwa mpole, mcheshi na mpenda watu”, maneno yanayomwenea kila maiti. Mfano huu nautunga tu, wewe utakuwa na wako: “Jumapili jioni, akishavua kola, baba alikaa jikoni kwenye kigoda akamenya ndizi za mtori pamoja na mama. Mlango wa uani aliurudishia kwanza, kwa sababu wanaume wa rika lake hawakuifanya kazi hiyo.” Hapo kuna upole, kuna ndoa, na kuna kaaibu kidogo, na hujataja hata kimoja.

Na daftari? Nadhani liingie, kwa kipimo. Kitu kama hiki: “Baba aliwalipia ada watoto wengi na hakutuambia. Mwaka 1995 mimi nilirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na mwaka huohuo alimlipia mtoto mwingine. Nilikuja kujua baada ya kumzika. Ningependa kumuuliza.” Ishia hapo. Usimtetee, usimhukumu, na usigeuze iwe somo la ukarimu. Wasomaji watanyamaza mahali hapo, na kwa ukurasa huo mmoja wataamini kurasa nyingine zote unazomsifu. Majina ya waliolipiwa yasitokee kabisa, hata kwa herufi za mwanzo. Wengine leo ni watu wazima wenye nafasi zao na hawakuomba kutangazwa, na kijiji kitazitambua herufi kabla ya chai. Kama yupo atakayejitokeza mwenyewe kwenye ibada kusema, hiyo ni shukrani yake.

Ila nina neno kuhusu yaliyobaki ndani ya lile sanduku. Kama kuna kitabu cha ubatizo, cha kipaimara au cha ndoa, hicho ni mali ya usharika, kirudishwe kwa maandishi na upewe nakala ya kupokelewa. Na kama kuna barua za waumini au maandishi yake kuhusu mashauri ya ndoa zao, funga hapo ulipofika, usiendelee kusoma. Siri ya maungamo haifi pamoja na mchungaji. Zungumza na mkuu wa jimbo mkubaliane zikabidhiwe au ziteketezwe mbele ya mashahidi. Hapo ndipo moto wa mdogo wako una kazi.

Swali ambalo hukuniuliza: lazima kiwe kijitabu kimoja? Si lazima. Baadhi ya familia ninazokaa nazo hufanya viwili. Cha usharika kinakuwa na vituo vyake vya huduma, picha ya kubarikiwa, makanisa aliyojenga, na sura fupi ya nyumbani. Cha familia hakichapwi kwa wingi, kinabaki kwenu na wajukuu, na humo kuna kila kitu. Faida yake ni amani. Mdogo wako atapumua. Hasara yake ni kwamba mnaendelea kumtenga mchungaji na baba, na hilo ndilo lililokuumiza tangu mwanzo. Ningekuwa wewe, ningejaribu kimoja kwanza, na nikishindwa kuwapatanisha ndugu, nikubali viwili bila kinyongo. Kuna njia ya tatu, kuwaambia usharika hamko tayari, kijitabu kije mwaka wa pili au wa tatu. Hakuna sheria ya mwaka mmoja. Kanisa lina ratiba, huzuni haina, na mkuu wa usharika mwenye busara atawaelewa.

Wakati mnaamua, okoeni sauti. Jumbe za sauti alizowatumia kwenye WhatsApp ziko kwenye simu zenu, na simu huibiwa, hutumbukia chooni, huchezewa na watoto. Zitoeni mziweke kwenye kompyuta na kwenye kadi ya kumbukumbu, mtu mmoja zaidi awe na nakala. Picha za zamani zipigwe picha mbele na nyuma, maana nyuma ndiko kuna tarehe kwa mkono wake. Mkiongeza majina, andikeni kwa penseli, wino hupenya.

Wapo watakaokuambia kwamba yote haya ni kumng’ang’ania marehemu, umwache apumzike. Wataalamu wa zamani wa Ulaya nao walidhani mfiwa hupona kwa kukata uhusiano. Miaka ya 1990 watafiti wa Marekani, Dennis Klass na wenzake, walionyesha kwamba wafiwa wengi wanaendelea vizuri huku wakiwa na uhusiano na aliyeondoka, ila umebadilika sura. Kwenu Kilimanjaro hii si habari mpya. Watu wanazikwa kihambani, kati ya migomba na kahawa, hatua chache kutoka mlangoni, na Desemba mkipanda nyumbani mnapita pale kabla hamjashusha mizigo.

Nimalizie na lile la ugonjwa. Yale unayoyaeleza, kulia ghafla, hasira, kushindwa kuandika, sioni ugonjwa. Lakini huzuni inaweza kukwama, na tangu mwaka 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inaitambua hali hiyo: miezi sita au zaidi imepita, hamu ya marehemu au kumwaza hakumpi mtu nafasi karibu kila siku, maumivu ni makali kupita desturi za jamii yake, na maisha yamesimama. Wewe umeshavuka miezi sita, kwa hiyo jiangalie kwa uaminifu. Unafanya kazi? Unapika, unaongea na wanao? Unalala? Kama kazi imekushinda, kama unakunywa ili ulale, kama unajisikia huna sababu ya kuishi, acha kijitabu, nenda ukaonane na mtu ana kwa ana. Kama mawazo ya kujidhuru yameanza, nenda leo hii na usiende peke yako. Dodoma unayo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe. Najua jina hilo watu wanalitania. Wengi wanaokwenda pale wanaonana na daktari, wanapewa tarehe ya kurudi, wanapanda bajaji kurudi nyumbani. Mama yako naye, kama ukimya wake umeambatana na kutokula, kukonda au kusahau dawa za presha, msiuite utulivu wa kiroho. Apelekwe, na hospitali ya KCMC pale Moshi haiko mbali na nyumbani. Wajane wazee huugua kwa urahisi katika mwaka wa kwanza, na msimhamishe haraka kwenda Dar kwa nia njema ya kumtoa upweke, mwulizeni yeye.

Mchungaji wenu wa sasa anaweza kukusaidia kwa maombi na kwa kukusikiliza. Kwa hasira hii lakini, ningependa uzungumze na mtu ambaye hakumfahamu baba yako. Anayemfahamu atataka kumtetea.

Rasimu ikikamilika, kabla haijaenda kwa katibu wala kwa mchapaji, panda gari mpaka nyumbani, msomee mama yote kwa sauti, pamoja na ukurasa wa mwaka 1995. Akisema neno hili liondoke, liondoe bila kubishana. Akisema pesa ile ilitoka wapi, andika.